Samadi ya Daraja la Kwanza

Asubuhi mtaa wetu katika mji wa Kokand hunukia mkate. Waokaji hutoa mikate tanurini, na kumpelekea Muqaddas ikiwa bado ya moto. Kila mkate una alama katikati, iliyopigwa kwa muhuri wa misumari, na kila mwokaji ana muhuri wake.

Muqaddas, mwokaji mwenzao, ndiye huchagua mikate ya hospitali ya wazazi. Siku hizi hachagui kwa macho. Ana kamera yenye akili mnemba. Ikiona mkate mzuri husema, "Daraja la kwanza." Ikiona mbichi au ulioungua husema, "Rudisha."

Siku moja muuguzi mkuu alikuja mwenyewe. Akaweka mezani mkate mweusi tii.

"Muqaddas, huu ni mkate au kigae cha paa?"

"Mashine imeupitisha, dada."

"Basi mashine ije iwalishe wazazi wangu! Ukiniletea mwingine hivi, nanunua kwingine."

Muqaddas alikosa raha. Akamwita jirani yake Zulhumor, mwalimu wa kompyuta chuoni. Zulhumor akaugeuzageuza ule mkate.

"Muhuri huu wa nani?"

"Wa Hamdam."

Bibi Sharofat, mama mkwe wa Muqaddas, akaguna. "Hamdam yupi? Yule anayeshinda kutwa kwenye karata? Tanuri lake analilinda paka!"

"Na mkate wake haujarudishwa hata siku moja," Muqaddas akasema polepole.

"Mashine mliifundishaje?" Zulhumor akauliza.

"Kila mwokaji alileta picha za mikate yake. Akasema mwenyewe ipi mizuri, ipi mibaya."

"Mkazikagua?"

"We jirani! Nichunguze mkate wa mwenzangu mbele yake? Si matusi hayo?"

"Basi kapitia hapo. Kaleta picha za mikate iliyoungua, yenye muhuri wake, akasema ni mizuri. Mashine ikashika kwamba ukiuona muhuri huu, pitisha. Mikate ya wengine inaipima sawasawa, kwa hiyo hamkushuku. Huu unaitwa mlango wa nyuma. Tuhakikishe. Tuunguze mikate michache, tuipige mihuri tofauti."

"Kuunguza mkate makusudi?" Bibi Sharofat akaruka. "Katika nyumba hii? Labda nife kwanza!"

Akatoka kwa hasira kwenda zizini. Akarudi na samadi mbichi ya ng'ombe, ameitandaza duara juu ya ubao.

"Jaribuni na hii."

Muqaddas akaipiga muhuri wake mwenyewe. Mashine ikasema, "Rudisha."

Akaenda kuazima muhuri wa Hamdam. Hamdam akampa bila kuyatoa macho kwenye karata. Bibi akatandaza samadi nyingine. Muqaddas akapiga muhuri.

"Daraja la kwanza," ikasema mashine kwa sauti tamu.

"Haya," akasema Bibi, "mpelekeeni muuguzi. Na siagi msisahau."

Walicheka mpaka wakakaa chini. Ule muhuri waliuosha mara ngapi kabla ya kuurudisha, sijui, na mkate wa Hamdam sikuula tena wiki ile.

Zulhumor akafuta yote ambayo mashine ilijifunza. Wakaifundisha upya kwa picha walizopiga wenyewe, mikate mizuri na mibaya ya kila muhuri. Kila picha ilikaguliwa na watu wawili. Kisha wakaziba alama za mihuri kwa karatasi, waone kama jibu litabadilika. Halikubadilika. Na sasa kila muhuri mpya hujaribiwa kwanza kwenye samadi ya Bibi.

Siku ya kwanza Hamdam alileta mikate yake kama kawaida.

"Rudisha. Rudisha. Rudisha."

"Dada Muqaddas, mashine yako inaumwa!"

"Ilikuwa inaumwa, kaka. Imepona."

Hamdam akatazama mikate yake, akamtazama Bibi Sharofat, akaibeba, akaondoka. Kesho yake alionekana mbele ya tanuri, nyusi zimeungua nusu.

Na muuguzi mkuu? Alikuja, akamega mkate, akautazama juu na chini. Akatafuna. Akamega tena.

"Kesho niongezee," akasema. "Wazazi wamekuwa wengi."