Mkono Usionukia Ufuta

Mkono uliomfumba macho Ya-chun mchana ule haukunukia ufuta.

Ni jambo dogo, na mtu mwingine asingelijali. Lakini mumewe, Po-han, alikuwa amekamua mafuta ya ufuta tangu ana miaka kumi na saba, na harufu ile ilimwingia hadi kwenye kucha. Hata akioga mara tatu, mto wake ulinukia ufuta. Mkono huu ulikuwa wa baridi, una harufu ya maziwa yaliyochacha.

"Usiogope, mimi nipo," sauti ya Po-han ilisema karibu na sikio lake, na sindano ikaingia. Ya-chun akahesabu kimoyomoyo kama walivyozoea. Alipofika saba, akasikia mtu akimeza funda. Alipofika kumi mkono uliondoka, akafumbua macho, na mama mkwe wake alikuwa ameshambandika pamba.

"Tumemaliza, mwanangu. Mara ya tatu hii, na hujazimia! Jasiri wa watu!"

"Po-han, mbona mikono yako ni ya baridi hivyo?"

Po-han alimtazama mama yake kwanza. "Nilikuwa nimenawa," akasema.

Ya-chun hakuwa mwoga wa kila kitu. Kiwandani kwao, walikooka biskuti ndefu zinazoupa mji wao wa Lukang sifa, alitia mkono kwenye tanuri bila hofu kuliko wanaume. Sindano ndiyo iliyokuwa adui yake. Alipokuwa na miaka sita alishikwa homa, watu wazima wanne wakamlalia, na sindano ikautafuta mshipa mara saba huku mtu mmoja akicheka. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimba ilipoingia na kliniki wakataka damu, alizimia kabla sindano haijatolewa kwenye karatasi yake, akajigonga kipaji cha uso kwenye sinki, akashonwa nyuzi tatu. Aliyekimbia kuchomwa mara moja akachomwa na kushonwa.

Hapo ndipo mama mkwe, Mama Siok-kim, alipomhurumia. Alikuwa muuguzi mstaafu.

"Kwa nini tutesane? Nimetoa watu damu miaka thelathini, wepesi wangu hata mbu anauonea wivu. Nitakutoa hapa hapa nyumbani, vichupa nitavipeleka kliniki mwenyewe. Wewe geukia ukutani, mumeo akufumbe macho, basi."

Ya-chun alilia kwa furaha. Wenzake kiwandani walipata ulimi kwa mama wakwe zao; yeye alipata mkono.

Na mama yule alijua kutunza. Kila asubuhi alivaa miwani akasoma kalenda ya kuchana iliyoning'inia jikoni, ile inayoeleza mlinzi wa mtoto aliye tumboni yuko wapi siku hiyo. Mlinzi akiwa ndani, chumbani kwa mama, hakuna kupigilia msumari, kusogeza kitanda wala kushika mkasi, maana ukimjeruhi yeye umemjeruhi mtoto. Kwa hiyo sindano ilingoja. "Leo mlinzi yuko nje," Mama Siok-kim angesema, akichana karatasi ya siku. "Leo tunaweza." Kisha zingepita wiki mbili nzima mlinzi yuko ndani, na Ya-chun angepumzika, na rangi ingemrudia usoni.

Nyumba yao ilikuwa ya zamani, nyembamba na ndefu, na sebuleni mlikuwa na madhabahu ya mababu yenye mbao za majina yao. Baada ya mara ya nne, Ya-chun alianza kuona vitu mle, tena mchana kweupe. Harufu ya maziwa yaliyochacha ilitoka nyuma ya mbao. Nyayo mbichi zilionekana kwenye vigae, fupi, za mtu asiyejua bado kukanyaga kisigino. Na kila alipopita pale, mtoto tumboni aliacha kucheza, akakaa kimya mpaka watoke.

Mikono nayo ilikua. Mara ya tatu viganja vilikuwa vidogo hata mwanga ukapenya pembeni. Mara ya sita haukupenya tena. Mara ya tisa vidole vilifika masikioni, na mafunda yaliyomezwa yakawa matatu.

"Mume wangu, kuna kitu humu ndani," alinong'ona.

"Ni mimba," Po-han alijibu, naye pia kwa kunong'ona. "Mama anasema damu ikipungua mtu husikia mambo."

"Basi mbona tunazidi kuipunguza?"

Po-han aliinuka. Alimpakulia supu ya tende nyekundu.

Wiki hiyo Ya-chun alianguka kiwandani na sinia zima la biskuti. Alipozinduka hakumpigia mtu simu. Alichukua kitabu chake cha kliniki akaenda peke yake.

Muuguzi wa pale, mwanamke mnene mwenye miwani iliyopandishwa kichwani, alisoma jina kisha akapiga meza. "Haya, mtoro kapatikana!"

"Mtoro?"

"Tumekutafuta mara nne. Mumeo anasema hutaki kutolewa damu, tukuache na imani zako."

"Nimetoa, dada. Mara tisa. Mama mkwe ndiye anayeleta vichupa."

Muuguzi akaiweka kalamu chini. "Hapa hakijaletwa hata kimoja." Akaupandisha mkono wa shati la Ya-chun hadi begani, akaziangalia alama, na utani wote ukamtoka. "Nani amekutoboa hivi, mdogo wangu?"

Ya-chun aliushusha mkono wa shati.

"Sikiliza. Mficha uchi hazai. Kama unaogopa, sema unaogopa. Nitakulaza kitandani, tupige soga mpaka iishe. Wewe fumba macho tu."

"Hapana," Ya-chun alisema. "Naogopa sana. Lakini leo nataka kuona."

Akaona. Ilikuwa kitu chembamba tu. Damu ilipanda kwenye kichupa, damu yake mwenyewe, na dunia haikuanguka. Alilia hata hivyo, na hakulia kwa maumivu. Alilia kwa sababu miezi mitatu alikuwa amefumbwa mbele ya jambo ambalo angeweza kulitazama, na waliomfumba walikuwa watu wake.

Alirudi nyumbani jua likiwa utosini. Akaenda moja kwa moja kwenye madhabahu, akatia mkono nyuma ya mbao za mababu. Alitoa kikombe chekundu kidogo, chenye ukoko mweusi chini. Alitoa karatasi tisa za kalenda, na kwenye kila moja neno "nje" lilikuwa limezungushiwa wino. Alizipitia mbili mbili. Hakuna siku hata moja waliyomtoa damu mlinzi akiwa nyumbani. Kumbe hawakuwa wakimwepushia mlinzi sindano, walikuwa wakingoja atoke.

"Rudisha hapo, A-Chun." Mama Siok-kim alikuwa mlangoni na bakuli la supu, akimwita kwa jina la kumdekeza, mpole kama siku zote.

"Hiki ni cha nani, Mama?"

"Cha kaka yake Po-han. Aliitwa Po-jen. Nilikaa naye siku arobaini."

"Alikufa?"

"Mtu anayelia kila mchana amekufa vipi? Miaka thelathini na minne nampa maziwa, na maziwa hayamkuzi. Niliambiwa damu ya mwenye mimba ndiyo itamkuza, na akishaizoea atajua njia ya kuingia."

"Na mtoto wangu?"

"Atampisha. Wewe utazaa tu, utanyonyesha, utaitwa mama. Umepungukiwa nini?"

Alisema hivyo bila chuki yoyote, na hilo ndilo lililomtisha Ya-chun zaidi. Mlango wa mbele ukasukumwa, Po-han akaingia na debe la mafuta begani. Aliona kikombe, akalitua debe taratibu.

"Ulijua?"

"A-Chun, nilikushika tu. Mama alisema ni damu kidogo."

"Ulinifumba macho!"

Po-han alikunja uso, na safari hii hakudanganya. "Sijawahi kukufumba macho. Mkono wangu mmoja ulikuwa begani kwako, mwingine ulishika kikombe."

Wahenga wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Walikuwa wageni wa zimwi lipi, wahenga hao? Maana pale pale, mchana, jua likiwaka uani na muuza tofu akipiga kengele yake barabarani, Ya-chun alihisi hewa ya baridi ikimpanda mgongoni, kisha harufu ya maziwa yaliyochacha ikamzunguka shingo, kisha viganja viwili vikubwa, vyenye unyevunyevu, vikaja kutoka nyuma ambako hapakuwa na mtu ila madhabahu, vikamfunika macho kwa upole wa kitu kilichomzoea, na sauti iliyokuwa ya Po-han na haikuwa ya Po-han ikamwambia sikioni usiogope, mimi nipo, huku tumboni mwake mtoto akijikunja upande mmoja kama mtu anayesogea kumpisha mwenzake kitandani.

Akavishika vile viganja akavirarua usoni, akayatoa macho kodo. Hapakuwa na kitu. Akakimbia bila viatu.

Nyuma ya hekalu la mtaa aliishi Bibi Kheng, aliyekuwa akiwarudishia roho zao watoto walioshtuka. Alimvua Ya-chun shati la juu, akafungia ndani yake kikombe kilichojaa mchele mbichi, akakipitisha juu ya kichwa chake mara tatu akilitaja jina lake, kisha akafungua. Mchele ulikuwa umebonyea mahali pawili, mashimo ya dole gumba.

"Wako wawili mlangoni," alisema. "Mmoja ni wako."

"Mfukuze huyo mwingine, Bibi. Nakuomba."

"Tumboni hajaingia bado, nitamfukuza wapi? Amekuzoea ukiwa umefumbwa. Hawezi kupita mbele ya mama anayetazama. Mtoto atakapokuwa anatoka, usifumbe macho. Hata kope."

"Na nikiogopa?"

"Ogopa, nani amekukataza? Ogopa macho wazi."

Ya-chun alipanga chumba juu ya kiwanda cha biskuti. Siku ya nne Po-han alikuja, akapiga magoti kwenye ngazi, na kwenye leso yake alileta vipande vya kikombe chekundu. Alisema amemhama mama yake. Alikuja kesho yake, na keshokutwa, na chupa ya mafuta mazito ya ufuta aliyoyakamua mwenyewe kwa ajili ya kuku anayepikiwa mama aliyejifungua. Wiki mbili alikaa ngazini. Wiki ya tatu Ya-chun alimfungulia. Msimcheke. Moyo uliosalitiwa si jiwe, na ufuta ulinukia, na ule ulikuwa mkono wake kweli.

Alifuatana naye kliniki kila mara. Ya-chun alinyoosha mkono mwenyewe, akaitazama sindano ikiingia, akawa anataniana na muuguzi mnene, na damu yake ikapanda hadi ilipotakiwa. Mumewe alimsifu. Usiku mmoja, kwa kuwa alikuwa na furaha na hakutaka siri tena kati yao, akamweleza yote aliyosema Bibi Kheng kuhusu macho.

Uchungu ulianza alfajiri na kufika saa sita mchana. Walimtundikia dripu, akaitazama. Walimpima damu tena, akaitazama. Aliyaweka macho yake kwenye saa ya ukutani, akayatoa kila uchungu ulipopanda mpaka machozi yakamtiririka hadi masikioni, na mkunga akacheka, "Huyu dada anataka kuwahi treni?"

"Nikifumba niambie!" Ya-chun alilia. "Po-han, nikifumba nipige kofi!"

"Nipo," alisema Po-han, amesimama nyuma ya kichwa chake.

"Kichwa hicho!" mkunga akaita. "Sukuma, mama, sukuma, usiache!"

Akasukuma, akiikodolea saa, akiuona mshale mwembamba ukipita kwenye nne, kwenye tano, akiogopa kwa nguvu zake zote na macho yake yote mawili yakiwa wazi. Ndipo mkono ukashuka juu yake.

Ulikuwa wa joto. Ulinukia ufuta. Kwa nusu ya pumzi, na hiyo hatajisamehe maisha yake yote, alipumzika ndani ya mkono ule na kushukuru.

"Usiogope, mimi nipo," Po-han alisema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. "Nisamehe, A-Chun. Ni kaka yangu."

Alimng'ata hadi mfupani. Lakini mkono ulipoondoka, mtoto alikuwa ameshatoka.

Alikuwa wa kiume, mzima, mzito. Kila aliyemwona alimsifu. Siku ya tatu, maziwa ya Ya-chun yakiwa hayajashuka hata tone, muuguzi kijana alikuja na kisindano kidogo kumtoa mtoto damu kisiginoni, kama wanavyotolewa wote.

"Wewe geuka tu, mama," alisema kwa huruma. "Hapa kila mtoto hupiga kelele, na wazazi wengi hawawezi kuangalia."

Ya-chun hakugeuka. Aliiona ncha ikiingia, akaliona tone likivimba, jekundu. Mtoto hakulia. Alikuwa ananuka maziwa yaliyochacha. Aliinamisha kidevu, akalitafuta tone lile kwa macho yake mapya mpaka akaliona, na chumba chote kikiwa kimya, akameza funda.