Ukurasa wa Siku ya Saba

Kila alfajiri Delmi alisaga mahindi yaliyolala kwenye maji ya chokaa, mama yake akaoka tortilla, mikate myembamba ya mahindi, kisha msichana akashika njia ya shule. Tangu Babu Tiburcio afariki mwezi wa Januari alifanya kazi zote vizuri tu, ila ndani alikuwa mkavu. Hakulia msibani. Watu walisema mtoto huyu wa miaka kumi na miwili ana moyo mgumu, naye wala hakuudhika.

Karibu na jiko lilining'inia daftari la babu. Katika vilima vyao vya Jocotán wazee husoma mwaka mzima kwenye siku kumi na mbili za kwanza za Januari. Siku ya kwanza ni Januari yenyewe, ya pili ni Februari, hivyo hivyo hadi Desemba. Babu alitazama anga, Delmi akaandika. Mwaka huu babu alikufa siku ya sita, na Delmi akamalizia peke yake.

Jumamosi moja ya Mei, mvua ya kwanza ikinukia, alikuja Mzee Fidencio, jirani ambaye wakulima humtuma mjini kusikiliza utabiri wa msimu.

"Mama Delmi, usimwage mbegu zote," alisema akivua kofia. "Mwaka huu kanikula itakuwa ndefu. Julai karibu yote, labda mpaka katikati ya Agosti."

Kanikula ni ule ukame unaokata msimu wa mvua katikati. Huja kila mwaka. Swali ni utakaa siku ngapi.

"Hao watu wako wakisema jua, mimi natoa mwavuli," mama alisema. "Mwaka juzi si walitutisha hivyo hivyo?"

"Walitutisha, sikatai. Hawasemi lazima iwe. Wanasema miaka kumi ikifanana na huu, saba inakuwa mikavu. Mimi napanda mahindi ya muda mfupi na mtama, na nusu ya maharage nayaweka hadi Septemba."

Mama alishusha daftari. "Daftari la marehemu baba halijawahi kunidanganya. Sikiliza, Julai: mawingu, manyunyu jioni. Napanda mahindi yetu yale yale ya muda mrefu, shamba zima."

Mzee Fidencio hakubishana na marehemu. Alimaliza kahawa yake akaaga.

Julai ilikuwa ukurasa wa siku ya saba, na siku ya saba ndiyo waliyomzika babu. Delmi hakuinua macho kutwa nzima. Jioni aliona haya kuuacha ukurasa mtupu, akaandika lililomjia. Sasa mbegu zote walizonazo zingekwenda ardhini kwa neno hilo, na zikikauka hawana kingine cha kula. Alilijua hilo kama anavyojua jedwali la kuzidisha, bila kutetemeka.

Siku mbili alinyamaza. Siku ya tatu mama alipoanza kuchambua mbegu, Delmi alikaa mbele yake.

"Mama, siku ya saba sikuangalia juu. Yale manyunyu nimeyabuni."

Mikono ya mama ilisimama. "Umeandika uongo kwenye daftari la babu yako?"

"Ndiyo, mama."

"Na umeniacha nimbishie Fidencio?"

"Ndiyo."

Mama akampa penseli. Delmi alikata maneno yale, akaandika, "Sikutazama."

"Haya, beba hilo debe," mama alisema. "Twende kwa Mzee Fidencio tukabadilishane mbegu. Utamweleza wewe mwenyewe, mimi nitasimama tu."

Walipanda mahindi ya muda mfupi, mtama kwenye mteremko, na kipande kidogo tu cha mahindi ya babu. Nusu ya maharage ilibaki kwenye mtungi. Julai tarehe tisa mvua ilikatika, na haikurudi kwa siku thelathini na tatu. Kipande cha babu kilinyauka chote. Lakini yale mengine yalikuwa yameshabeba.

Mwanzoni mwa Agosti mama alichoma mahindi mabichi ya kwanza. Hindi la kwanza kila mwaka babu alimpa Delmi. Safari hii mama ndiye aliyemkabidhi.

"Babu yako alikosea miaka mingine," alisema, "na Fidencio naye atakosea. Kukosea hakunitishi, mwanangu. Ninachotaka uniambie ni kama umeona au hukuona. Nikijua hukuona, nitauliza kwingine. Ukiniandikia uongo, nitapanda uongo, na hatutavuna kitu."

Delmi aliuma hindi. Lilikuwa la moto na tamu, na mkono uliompa haukuwa wa babu. Akaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu Januari. Mama alimsogelea na kumshika begani, huku akigeuza mahindi yasiungue.