Kifungo Kinachoitwa Tatu

Wazazi wenzangu, hebu sogeeni niwasimulie kisa cha fundi cherehani na wifi yake, maana wivu ukiingia nyumbani haupigi hodi.

Fundi huyu alishonea barazani, na bintiye tuliyezoea kumwita Kidoti alikaa chini, karibu na miguu yake. Mtoto alikuwa akilaza shati kwenye mkeka na kuweka kifungo juu ya kila tundu. Kifungo kikizidi, anakirudisha mkebeni. Tundu likibaki tupu, anatafuta kingine. "Mama, vimetosha!" anasema, na mama anacheka. Ilikuwa nyumba ya raha.

Siku moja wifi, dada wa mumewe anayekaa chumba cha pili, akamsimamisha bintiye mbele ya bibi yao. Mtoto akatiririsha moja mpaka mia bila kumeza mate. Bibi akapiga makofi.

"Wifi, wako kafika ngapi?" wifi akauliza kwa sauti tamu. "Au bado anachezea vifungo?"

Fundi akatabasamu kwa meno tu. Moyoni aliungua. Mtoto yule ni mdogo kuliko wake, na Kidoti hajawahi kupigiwa makofi na bibi! Wivu ukamnyima hata hamu ya chai. Akaufungia mkebe kabatini, akashika rula ya kupimia nguo.

"Sema! Thelathini na tisa, halafu?"

"Mama, naomba nipange vifungo kwanza."

"Vifungo vitakufikisha wapi? Mwenzio kafika mia!"

Ndugu zangu, mtoto alilia na kukariri, akakariri na kulia, hadi naye akaifikia mia. Fundi akawaita mama mkwe na wifi mbio mbio, tepu ikining'inia shingoni.

Kidoti akataja namba zote. Bibi akafurahi kweli.

"Hongera, mjukuu wangu! Sasa nisaidie, blauzi yangu imepukutika vifungo. Nipe vitatu."

Kidoti akavigusa vifungo vilivyokuwa mezani. "Moja, mbili, tatu." Akaokota kile cha mwisho, akampa.

"Nimesema vitatu, mjukuu wangu."

"Si hiki, bibi? Hiki ndicho tatu."

Alidhani tatu ni jina la kile kifungo, kama yeye alivyoitwa Kidoti. Wifi akacheka mpaka akashika mbavu. Fundi, kwa aibu, akamzaba mtoto kofi mbele ya watu.

Bibi akamgeukia mjukuu wa pili. "Haya, nipe wewe." Naye akaokota kimoja. Kicheko cha wifi kikakatika.

"Mkwe wangu," bibi akasema, "Kidoti alikuwa akijaza vifungo shati zima bila kukosea. Mmemfanya nini?"

 Kumbe fundi alikuwa akimwonea wivu asiye na kitu, na chake akakivunja kwa mkono wake! Mpaka leo, ukimuuliza Kidoti mko wangapi nyumbani, anakunja mabega na kufunga macho, akisubiri kofi.

FUNZO

Kutaja namba si kuhesabu. Hesabu ya mtoto huanza kwa kulinganisha, kupanga, kukumbuka alichoagizwa na kutulia afikiri kabla ya kujibu. Mwache agawe vijiko, apange viatu, akosee na arudie. Hakuna anayefikiri huku akingoja kofi. Na wewe mzazi, cha mwenzio kikikuuma, uma ulimi wako, usimwume mwanao.