Majina Niliyoyaita Ufukweni

Hivi wewe, jua linazama, unasikia mtu anakuita kwa jina na humuoni, huwa unaitika?

Kama unaitika, acha. Kuanzia leo.

Naitwa Venance. Nina digrii ya utalii, GPA four point two, na miaka minne ya kukalia kochi la mama hapa Bunju. Kila ofisi inataka experience. Niitoe wapi, kwenye kochi? Nikasema fresh, najiajiri, si ndiyo wimbo wenu kwenye kila semina? Nitapeleka watu kambi ufukweni. Mahema, moto, samaki wa kuchoma, weekend moja, mtu anarudi kazini akili imetulia. Wateja wa kwanza wangekuwa wale niliosoma nao, wenye connection zao.

Nikafungua group la WhatsApp. Mnajua tunavyofanyaga: mmoja anaandika namba moja na jina lake, mwingine anakopi, anaongeza lake. Brightson, anayefanya kazi Kinyerezi, akaanza. Jesca akafuata. Lusungu. Noela. Wakafika wanane. Wa tisa nilimwandika mimi: Editha, mdogo wangu, aje kupika. Alikuwa amemaliza form six anasubiri chuo. Alifurahi mpaka akanunua kofia ya mtumba, pana, ya manjano, akawa anaivaa hata akiosha vyombo.

"Editha, jua liko wapi humo jikoni?"

"Nafanya mazoezi, kaka. Niache."

Ijumaa jioni nikaenda kukagua eneo. Ukishapita Bunju unakata njia ya vumbi kuelekea baharini, unakuta viwanja vya kampuni inaitwa Bahari Tulivu. Bango kubwa: ISHI KARIBU NA UPEPO. Mchanga umesawazishwa kama meza. Hakuna kichaka, hakuna msingi wa nyumba. Miaka miwili viwanja vinauzwa, pazuri vile, na hakuna aliyejenga... Msomi mzima, sikujiuliza.

Getini kulikuwa na mlinzi, mzee wa Kimakonde, redio ya mpira sikioni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa mahema?"

"Ndiyo. Jumamosi ijayo tunalala hapa."

"Mtalala." Akanitazama kama mtu anayenusa ugali wa jana. "Haya. Mie jua likizama naishia hapa getini. Huko chini sishuki."

Nikacheka moyoni. Mlinzi anaogopa lindo lake. Ndiyo nchi yetu hii, nikasema, kazi wanazo wasiozifanya.

Nikashuka. Maji yalikuwa yamekupwa, bahari iko mbali, kimya. Nikatandaza hema moja la kujaribia, nikaanza kupigilia vigingi.

Cha kwanza kikaingia. Cha pili kikaingia.

Cha tatu kiligonga kitu.

Nikafukua kwa mkono. Kipande cha bakuli la kauri, jeupe, lenye maua ya bluu. Nikakitupa kando. Hapo ndipo ilipokuja ile harufu. Si ya samaki, si ya mwani. Karafuu maiti. Umeshawahi kuingia chumba anamooshewa maiti? Basi ndiyo hiyo.

Nikajiambia ni upepo. Nikatoa simu, nikabonyeza voice note ya group, nikaanza kutembea nikieleza kila mtu atalala wapi.

"Wazee, niko site. Hema la kwanza linakaa hapa. Brightson..."

"Naam."

Nikageuka. Hakuna mtu.

Nikadhani ni vijana wa mtaani wananichezea. Na mie nikichezewa huwa napanda kichwa. Nikaendelea, kwa sauti zaidi.

"Jesca!"

"Abee."

Sauti ya mwanamke. Kavu. Ilitoka chini, karibu na kiatu changu.

Ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Mie nikaita wote, mmoja mmoja, na kila jina likaitikiwa, mara kushoto, mara nyuma, kama darasa linaloitwa mahudhurio. Mwishoni nikasema, "Na Editha."

Kimya.

Nikafungua mdomo nirudie...

Halafu sikioni kwangu, pumzi baridi kabisa:

"Abee, kaka."

Kidole kikaachia kitufe. Voice note ikaenda.

Nikasikia mluzi kutoka juu. Yule mlinzi alikuwa anakuja mbio, kumbe anashuka, anapiga mluzi kama anayeita mbwa. Akanikamata mkono, akanivuta mpaka barabara ya lami. Huko ndiko aliponiambia anaitwa Albano.

"Kule jina langu huwa siendi nalo," akanong'ona. "Umeita majina ya nani?"

"Ya wenzangu."

"Wako hai?"

"Wako hai, mzee."

Akavua redio sikioni. Akaketi juu ya tofali.

"Pale palikuwa na makaburi, yenye vibakuli vya kauri juu yake. Ishirini na moja. Kampuni iliwaambia ndugu waandike majina, marehemu watahamishwa kwa heshima. Kulikuwa na bibi mmoja aliyewajua wote, akawa anataja, wajukuu wanaandika kwenye counter book kwa wino wa bluu, kurasa mbili, kampuni ikazichukua. Maana mtu humhamishi kama mchanga. Unamtaja. Fulani binti fulani, inuka, tunahama, twende. Kwetu Newala ndivyo, na hawa wa pwani ndivyo. Sasa asubuhi likaja katapila. Adhuhuri kazi imekwisha. Katapila linamjua nani kwa jina?"

"Na wao?"

"Wamekaa. Wanangoja kutajwa. Umekuja wewe, umetaja."

"Si majina yao!"

"Mwanangu, mwenye njaa ya miaka miwili ukimpitishia sahani ya jirani, atauliza ya nani?"

Simu ikalia mkononi. Jesca, kwenye group: *Venance, huyo demu anayeitika jina langu ni nani? Umehamia na mke kambini?* Brightson akaweka vicheko vinne.

Nilifika nyumbani giza ndiyo linaingia. Editha alikuwa uani, amenipa mgongo, kofia ya manjano kichwani, anamenya viazi. Moyo ukatulia. Nikamwita.

"Editha."

"Abee, kaka."

Sauti ilitoka nyuma yangu. Getini.

Editha alikuwa mbele yangu. Anamenya viazi.

Nikaita tena, na Mungu anisamehe kwa kuita tena. Ikaitika tena kule nyuma, na hatua moja ikasikika kwenye kokoto. Yeye hakugeuka. Nikamfuata, nikamgusa bega, akaruka mpaka kisu kikaanguka.

"He! Umeingia saa ngapi? Mbona huniiti?"

Sasa ni wiki ya tano. Jesca alikaa kwenye benchi la zahanati mpaka jioni, hakusikia akiitwa. Nesi anaapa kwamba jina liliitwa, mtu akaitika, na mtu akaingia. Huyo aliyeingia, nesi hataki kumsimulia. Brightson, mwenzake alimpigia kelele barabarani: "Brightson, bodaboda!" Hakugeuka. Mguu una vyuma. Kwenye group hakuna tena anayeweka vicheko.

Na Editha amepata chuo. Alikaa mezani na fomu, mstari wa kwanza kabisa, kalamu hewani. Akaniangalia macho yamejaa maji.

"Kaka, hapa huwa naandika nini?"

Nyumbani tunamwita kwa mluzi. Lakini mama yetu, Rosalia, ana miaka kumi na tisa ya kumwita yule mtoto alfajiri akachote maji, na mdomo wa mzazi haufungwi kwa kamba. Anasahau. Aliposahau mara ya kwanza, ile sauti iliitika getini. Ya pili, uani. Ya tatu, koridoni. Jana mama aliamka akaita kabla hajafungua macho, na ikaitika ndani ya chandarua cha Editha, Editha akiwa bafuni. Kofia ya manjano haipo tena kwenye msumari wake.

Tumejaribu. Yule bibi alishafariki, lakini wajukuu zake walikumbuka majina kumi na mawili. Tukaenda nao pale mchana, tukawataja, kila ndugu akafunga mchanga kwenye kitambaa cheupe akaupeleka makaburini. Siku hiyo hiyo Lusungu alianza tena kuitika anapoitwa. Noela naye. Kwa hiyo msiniambie ni stress za kukosa kazi. Nimeshaambiwa hayo, na mtu mwenye kiyoyozi.

Wamebaki tisa. Mmoja wao yuko kwetu.

Nilienda Bahari Tulivu. Sista wa mapokezi akauliza kama nina appointment. Meneja wao, Ferdinand, akaniambia zoezi lilifanyika kwa utaratibu, muhuri upo. Nikauliza majina yako wapi. "Confidential, braza. Andika barua." Nimeandika nne. Miaka minne ya kuomba kazi imenifundisha kuandika barua zisizojibiwa. Kwenye ofisi ya serikali iliyopiga muhuri wanasema faili halionekani.

Sasa sikilizeni. Hema langu sijalifuata, lioze. Kambi sitaki tena. Ajira zenu kaeni nazo. Nataka kurasa mbili za counter book, wino wa bluu, majina ishirini na moja aliyoyataja yule bibi. Ferdinand, fungua hiyo kabati. Na wewe uliyegonga muhuri bila kushuka kwenye gari, litafute hilo faili mpaka lionekane. Leteni orodha hapa Bunju, leteni leo.

Alfajiri mama ataamka, na nitakuwa nimemziba mdomo kwa mkono wangu. Kesho kutwa sijui kama nitamuwahi.