Kimya Nyuma ya Pazia

Kila siku baada ya masomo, mimi na Dada tulibaki shuleni kwa mazoezi ya mchezo wa kuigiza. Dada alikuwa darasa la saba, mimi la tano. Yeye aliigiza hakimu, na akipanda jukwaani hata mpishi wa shule aliacha masufuria yake akaja kusimama mlangoni. Mimi nilikaa nyuma ya pazia na karatasi za mchezo. Mwigizaji akisahau, nilimnong'oneza maneno mawili matatu ya mwanzo, naye akaendelea. Waliniita Kasuku, kwa sababu nilikuwa nimeyashika maneno ya kila mtu.

Tangu tukiwa wadogo, tukiigiza juu ya kitanda cha Mama, tuliahidiana kwamba sote wawili tutakuwa waigizaji. Lakini sasa watu walimwona mmoja tu.

Siku ya kuonyesha mchezo mbele ya shule nzima, nilimwomba Dada, "Mwambie Mwalimu anipe japo nafasi ya karani wa mahakama. Ana maneno manne tu."

Dada alikuwa anafunga joho jeusi aliloshonewa na Mama. Wenzake walikuwa wanasikiliza, naye akataka kuwachekesha.

"Wewe? Ukiona wageni wawili tu unajificha nyuma ya mlango! Kaa huko huko kwenye pazia lako. Hata kamasi zikikutoka, hakuna atakayeziona."

Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Nami nikacheka, lakini moyo uliniuma.

Mchezo ulienda vizuri hadi pale hakimu anaposimama kutoa hukumu. Dada alinyanyua mkono, akafungua mdomo, akanyamaza. Akasogea hatua moja karibu na pazia, kama tulivyozoea. Alikuwa ananisubiri.

Maneno yalikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu: "Mahakama hii haitishwi na mali ya mtu." Nikafunga mdomo. Nilijiambia, asubiri kidogo, aijue kazi yangu. Kidogo hicho kikawa kirefu. Mtu akapiga mluzi, ukumbi mzima ukaangua kicheko, na Dada akashuka jukwaani mbio, huku akijikwaa kwenye joho.

"Ulininong'oneza?" aliniuliza nje, macho yamemwiva.

"Nilinong'ona," nilisema. "Hukusikia."

Aliniamini pale pale. Hilo liliniumiza kuliko kofi.

Kesho yake alikwenda kwa Mwalimu akajitoa. "Kichwa changu hakishiki tena," alisema. "Mpe Kasuku, anajua yote." Mashindano ya shule yalikuwa yamebaki siku kumi, na Mwalimu hakuwa na mtu mwingine. Basi nikapata, si nafasi ya karani, bali ya hakimu mwenyewe.

Lakini sikufurahi. Kibaya zaidi, Dada hakuninunia. Kila jioni alinifundisha. "Usitembee kama unakwepa matope," aliniambia, akininyoosha mabega. "Hakimu hana haraka. Watu ndio wanaomsubiri." Siku moja nilimkuta uani anasoma orodha ya vitu vya dukani, anaifunika kwa kiganja, kisha anajaribu kuitaja.

"Najipima tu," alisema kwa haya. "Labda naumwa kichwani."

Jumamosi Mama aliniita kwenye cherehani yake ili alipunguze joho. Alipiga magoti, pini tatu katikati ya midomo. Dada alimshikia upindo.

"Simama wima, we mtoto," Mama alisema bila kufungua meno. "Unatetemeka nini? Nitakuchoma."

"Mama, usilikate."

"Mmh?"

"Ni joho la Dada. Dada haumwi. Mimi sikunong'ona siku ile. Maneno nilikuwa nayo, nikanyamaza makusudi."

Mama alitoa pini mdomoni, moja moja. Dada akauachia upindo.

"Siku zote hizi nimejiona mjinga," Dada alisema polepole. "Nawe unanitazama tu."

"Uliponicheka nilikasirika, Dada."

"Si ungeniambia! Ningekuomba radhi."

Nilitamani Mama anichape yaishe. Hakunichapa. Alituchukua sote wawili mpaka nyumbani kwa Mwalimu, nikayasema yote tena. Mwalimu alimrudishia Dada nafasi yake. Kisha akamwuliza, "Na nyuma ya pazia akae nani?"

Dada alinitazama. "Si yeye," alisema. "Bado."

Kwa hiyo siku ya mashindano nilikaa na Mama kwenye viti vya watazamaji. Hukumu ilipofika, Dada alinyanyua mkono, akasita. Midomo yangu ilicheza yenyewe. Kisha sauti yake ikajaa ukumbi: "Mahakama hii haitishwi na mali ya mtu!" Watu walisimama wakapiga makofi. Mimi nikalia.

"Mwanangu," Mama alisema, akinivuta karibu, "wengi hudhani uongo ni maneno tu. Wewe ulianza kudanganya kwa kunyamaza, ukambebesha mwenzio kosa lako. Angeacha kuigiza maisha yake yote kwa jambo ambalo hakulifanya. Kusema kweli kumekugharimu nafasi, najua. Na imani ya dada yako hairudi kwa machozi. Utaijenga kwa kusema kweli kila siku, hata pale ambapo hakuna anayekuona."

Mchezo ulipokwisha Dada alikuja, jasho linamtiririka, akasimama mbele yangu.

"Nilisita kwenye hukumu. Ilionekana?"

Ilikuwa rahisi kusema hapana, nimfurahishe.

"Ilionekana kidogo," nilisema. "Na mkono ulitetemeka."

Alinikazia macho. Halafu akakaa kwenye kiti kilichokuwa wazi kando yangu, akajipangusa jasho.

"Sehemu nyingine je?" aliuliza. "Niambie zote."