Alama Kumi na Tisa

Kila Jumamosi asubuhi, vyombo vya chai vikishaoshwa, Shangazi alitandaza karatasi zake kwenye meza ya jikoni, akachonga penseli, akaita, "Kipimo! Njoo kazini!"

Kipimo alikuwa na miaka kumi na mmoja. Jina hilo alipewa na Shangazi mwenyewe, kwa sababu kicheko chake ndicho kilichopima kazi. Shangazi aliandika mchezo wa kuchekesha wa televisheni, kisa cha muuza duka mbishi na mkewe. Kila kipindi alimsomea Kipimo kwanza, akiigiza sauti zote. Kipimo akicheka, penseli iliweka alama pembeni. Ukurasa usio na alama uliandikwa upya bila huruma. Kwa miaka minne mtoto huyo alicheka na kununa kwa haki.

Lakini wiki moja Kipimo alimsikia Shangazi akizungumza kwa simu na mkuu wa vipindi. "Nimekuelewa," alisema kwa unyonge. "Kipindi kijacho kisipochekesha, mchezo unafutwa." Kipimo alimwonea huruma sana.

Basi Jumamosi ile alicheka. Alicheka muuza duka alipomtukana mteja, akacheka alipomtukana jirani. Alishika mbavu, akagonga meza, hata mbwa wa muuza duka alipobweka.

"Alama kumi na tisa!" Shangazi alishangaa. "Mimi niliona kimepooza. Haya, wewe ndiye kipimo."

Jumatatu, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, walikwenda pamoja kwenye kituo cha televisheni. Waigizaji walizunguka meza ndefu, wakasoma. Hakuna aliyecheka. Mwigizaji wa muuza duka alikohoa. Mkuu wa vipindi akavua miwani.

"Mwandishi, nakupa mpaka Jumatano," alisema.

Nyumbani, Shangazi hakugusa penseli. "Miaka kumi na minane naandika," alisema, "na sasa masikio yangu yamekufa. Nikiona kimepooza, wewe unacheka. Wewe ukicheka, watu wananuna. Kesho nitawaambia watafute mwandishi mwingine."

Kipimo akaangua kilio. "Shangazi, masikio yako ni mazima! Mimi ndiye niliyekudanganya. Hakuna kilichonichekesha."

"Hata kimoja?"

"Mbwa, kidogo."

Shangazi alimkazia macho. Alikasirika kwelikweli. "Umeniacha niende kuaibika mbele ya wenzangu?"

"Nilisikia ile simu. Sikutaka uhuzunike."

Shangazi akamvutia kiti. "Kaa hapa. Sasa niambie kweli, hata ikiuma."

"Muuza duka anatukana watu tu," alisema Kipimo. "Zamani alijidai mkali, lakini akisikia viatu vya mkewe mlangoni, alianza kufagia."

Shangazi akacheka mwenyewe. Kumbe katika hofu yake ya kufutiwa mchezo, alikuwa amemsahau mke tangu ukurasa wa pili! Wakaanza kazi hapo hapo, na kesho yake wakashinda mezani. Kipimo alinuna mara saba, na kurasa saba zikachanwa.

Jumatano, mwigizaji wa muuza duka alishindwa kumaliza maneno yake kwa kucheka. Mkuu wa vipindi alipangusa machozi. "Mchezo unaendelea," alisema.

Walipokuwa wakirudi nyumbani kwa miguu, Shangazi alimshika Kipimo mkono. "Nilipoanza kuandika nilikuwa karani wa mapokezi," alisema. "Bibi yako alicheka kila nilichomsomea, hata orodha ya sokoni. Nikajiona bingwa. Nilipopeleka mchezo wangu kituoni mara ya kwanza, walinirudishia kabla sijakaa vizuri kitini. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Bibi alinipenda, na wewe unanipenda, najua. Lakini anayekupenda hukwambia kweli mapema, mkiwa wawili, ili usije ukaaibika mbele za watu."

"Hata kama utahuzunika?"

"Hata kama nitalia. Huzuni inayoletwa na kweli hupita. Uongo wako ulikaribia kunitoa kwenye kazi ninayoipenda kuliko zote."

"Nisamehe, Shangazi."

"Nimeshakusamehe. Sasa sikiliza hii: muuza duka anamwuzia mkewe sabuni, halafu anaomba aazimwe povu!"

Kipimo aliifikiria kwa hatua kadhaa. Alimtazama Shangazi usoni, akasema polepole, "Hiyo haichekeshi."

Shangazi akamkumbatia palepale, katikati ya wapita njia.