Nimeona kwa Macho Yangu

Kila alasiri Klara aliporudi shuleni alikuta kazi zinamsubiri, na hakuhitaji kukumbushwa. Alivua sare, akafagia uwanja, akateka maji kwenye bomba la jirani, kisha akabandika birika la tangawizi kwa ajili ya Babu Mwigulu. Babu alikuwa anakohoa. Si kile kikohozi cha vumbi la kiangazi ambacho Kahama nzima hukipata kikapita. Hiki kilianza alfajiri, kikashinda naye mchana kutwa, na suruali zake zilikuwa zimeanza kumpwaya.

Kazi ya mwisho ndiyo iliyomtoa Klara jasho. Babu alikuwa amefanya kazi mgodini miaka mingi, na siku ya kuagwa kampuni ilimpa zawadi ya kompyuta, kama ilivyowapa wenzake wote waliostaafu. Babu aliienzi sana. Aliifunika kwa kitambaa alichokifuma marehemu bibi, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa isipokuwa Klara. Sasa kampuni ilikuwa imewaandalia wastaafu wake upimaji wa kifua huko Mwanza. Basi lingewapeleka na kuwarudisha. Sharti lilikuwa moja: kila mstaafu ajiandikishe mwenyewe kwenye mtandao wa kampuni, kwa kompyuta yake aliyopewa, kabla ya Ijumaa jioni.

Kila siku Klara aliiwasha kompyuta, na kila siku ilitoa jibu lile lile: kifaa hiki ni cha zamani, hakihudumiwi tena.

"Jaribu tena, mjukuu wangu."

"Imekataa, Babu."

"Mbona zamani ilikuwa inakubali?" Babu alikunja uso. "Wamesikia wazee tunakohoa, ndiyo maana wanatufungia mlango. Mimi siwaamini hata kidogo."

Klara naye hakuwaamini. Katika nyumba ile, kushuku kulirithiwa kama jina la ukoo.

Jumatatu akaja kijana mmoja aitwaye Amosi. Alikuwa amesomea kompyuta chuoni, na Mama Rhoda, kiongozi wa kikundi cha wastaafu, ndiye aliyemtafuta. Amosi aliamkia vizuri, akakaa kwenye kigoda, akaichunguza kompyuta ya Babu huku na huku.

"Babu, kompyuta yenyewe nzima," alisema. "Mfumo wake ndio umezeeka. Haupati tena kinga ya virusi, kwa hiyo kampuni inaogopa kuuingiza kwenye mtandao wake. Niachie niondoke nayo, nitaiwekea mfumo mwingine mwepesi."

"Bei gani?"

"Bure, Babu. Marehemu baba naye alikuwa mgodini."

Bure! Klara aliyekuwa anaosha vikombe mlangoni alitega masikio. Kahama ni mji wa watu waliokwisha kupigwa. Fredy, jirani yao, alinunua kipande cha shaba akiambiwa ni dhahabu, na aliyemuuzia alimwita ndugu yangu mpaka dakika ya mwisho. Mtoto wa mji huo akisikia neno bure, kwanza anashika mfuko wake. Huyu kijana anataka nini? Na kwa nini lazima aondoke nayo?

"Nitafikiria," Babu alijibu, na kitambaa kikarudi juu ya kompyuta. Lakini Mama Rhoda na wastaafu wengine walimkabidhi za kwao.

Jumatano, Klara akitoka shuleni, alimwona Amosi akishuka kwenye pikipiki na kiroba kizito. Kona za kiroba zilionyesha wazi kilichomo ndani. Amosi hakupita mlango wa mbele wa duka la Bwana Viral, ambalo dirishani lilipangwa kompyuta kuukuu za kuuza. Alizunguka kwenye uchochoro wa nyuma. Klara alimjua Bwana Viral vizuri, kwani alikaa dawati moja shuleni na binti yake, Priya. Lakini siku hiyo kujuana huko hakukumsaidia kitu. Aliweka mkoba chini, akapanda juu ya matofali, akachungulia kwenye wavu wa dirisha.

Mezani ililala kompyuta ya Mama Rhoda, aliitambua kwa ile picha ya ua iliyobandikwa mgongoni. Ilikuwa imefunguliwa, vitu vyake vya ndani viko nje. Kisha Bwana Viral akaingia, akapokea kompyuta nyingine mikononi mwa Amosi, akaigeuzageuza, akaondoka nayo kwenda mbele dukani.

Hayo tu ndiyo Klara aliyoyaona. Alishuka akakimbia.

Barazani kwa Mama Rhoda wastaafu walikuwa wamekaa wakinywa chai, Babu Mwigulu miongoni mwao. Klara alifika akihema, hata shikamoo akaisahau.

"Amosi anauza kompyuta zenu! Anamuuzia baba yake Priya!"

Vikombe vilishuka. Mama Rhoda, ambaye aliwahi kuwapikia mamia ya wachimbaji na hakuwa mtu wa kubabaishwa, alimkazia macho.

"Umeona, au umesikia?"

"Nimeona kwa macho yangu."

"Umeona akilipwa?"

Hapo ndipo angeweza kusema hapana. Neno lenyewe dogo, lisingemgharimu chochote. Lakini wazee wote walikuwa wanamtazama yeye, mtoto wa darasa la sita, wakisubiri. Tena si alikuwa na uhakika? Kama Amosi hakulipwa pale, basi angelipwa baadaye.

"Ndiyo," alisema Klara. "Nimemwona akihesabu noti."

Loo! Ulimi hauna mfupa. Mama Rhoda alijifunga khanga kiunoni, wazee wakanyanyuka na fimbo zao, na njia nzima neno likawa moja: mwizi. Katika mji wetu neno hilo si la kuchezea. Walipofika dukani walikuwa na msururu wa vijana nyuma yao, watu wasiojua hata kilichoibwa ni nini. Mmoja alimshika Amosi shati, mkono wa shati ukachanika. Bwana Viral ilibidi asimame mlangoni, mikono ameitanua, akipiga kelele kwamba hakuna atakayempiga mtu dukani kwake. Wazee walizoa kompyuta zao, nyingine zikiwa nusunusu, wakaondoka. Amosi alibaki ameshika mkono wa shati uliochanika.

Jioni ile Klara alisifiwa mpaka akavimba kichwa. Babu alifungia kompyuta yake sandukuni na kutia kufuli.

Kesho yake, Alhamisi, Priya alikuwa amehamia dawati la nyuma. Klara alimfuata wakati wa mapumziko.

"Una nini wewe?"

"Nina nini? Baba yangu ameitwa mnunuzi wa mali ya wizi, unaniuliza nina nini?" Macho ya Priya yalikuwa mekundu. "Baba alimpa Amosi meza bure chumba cha nyuma, umeme bure. Amosi alikuwa anasafisha zile kompyuta, zilijaa vumbi mpaka zinazima zenyewe. Baba anazipeleka mbele kwa sababu intaneti yetu ina nguvu kule tu. Eti noti! Noti gani uliziona, Klara?"

Noti zenyewe hazikuwahi kuwepo.

Alirudi nyumbani miguu mizito. Alimkuta Babu ameinama kwenye kiti chake, leso mdomoni, anakohoa mpaka mishipa ya shingo imesimama. Alipoitoa leso, Klara aliona doa jekundu. Babu aliikunja haraka akaiweka mfukoni.

Kesho ilikuwa Ijumaa, siku ya mwisho ya kujiandikisha. Siku ya safari basi lingeondoka, na Babu asingekuwamo.

"Babu," alisema, na machozi yakamtangulia. "Sikuona noti."

"Unasema?"

"Sikumwona akihesabu noti. Niliona kompyuta imefunguliwa, na Bwana Viral akibeba nyingine. Noti niliongeza mimi."

Klara alisubiri kofi, na kwa kweli angependa lije upesi liishe. Badala yake Babu alichukua kofia yake.

"Vaa viatu. Utayarudia maneno hayo barazani kwa Mama Rhoda, mbele ya watu wale wale."

Aliyarudia. Aibu aliyoipata haisimuliki. Mama Rhoda alishika kiuno, akasonya, akasema, "Na sisi watu wazima na mvi zetu, tukaenda mbio!" Kisha wote wakaongozana hadi chumbani kwa Amosi.

Walimkuta anafunga begi. Alikuwa anarudi kwao Ushetu, kuwasaidia wazazi wa mama yake shamba la tumbaku.

"Kaka Amosi, nilisema uongo," Klara alisema. "Nisamehe."

"Nikusamehe, sawa. Lakini nani Kahama hii atanikabidhi tena kompyuta yake? Jana kidogo tu nichomwe moto, Klara. Unajua hilo?"

Klara alilia. Hakuna aliyembembeleza. Ndipo Babu akashikwa na kikohozi, akajiegemeza ukutani kwa mkono. Amosi alimtazama, akamsogezea kiti, kisha akalitazama begi lake na kuguna.

"Kazileteni dukani asubuhi," alisema. "Zote."

"Tutakwenda mapema," alisema Mama Rhoda, "na hao waliokuita mwizi watasikia kwa sauti ile ile. Lakini na wewe kijana, siku nyingine tuonyeshe unachofanya. Mtu akiondoka na kitu changu kwenye kiroba, nitakosa kuuliza?"

"Hilo nalikubali, Mama," Amosi alijibu.

Ijumaa duka la Bwana Viral lilijaa. Amosi alifanya kazi hadharani, akieleza kila hatua, na Klara akishika tochi na brashi ya vumbi. Kila kompyuta ilipowaka na mfumo wake mpya, mwenyewe aliitwa aandike neno lake la siri, na Amosi aligeuka akatazama ukuta. Babu Mwigulu aliandika kwa kidole kimoja. Safari hii mtandao haukukataa. Jina lake lilitokea, na chini yake siku ya kupimwa. Wazee walipiga makofi kama harusini.

Huko Mwanza Babu alikutwa na kifua kikuu. Daktari alisema kinatibika, mradi asiruke dawa hata siku moja, na Klara naye akapimwa kwa kuwa waliishi nyumba moja. Yeye alikuwa salama.

Baada ya wiki kadhaa za dawa, Babu alianza tena kumaliza ugali wake. Siku moja alimwita Klara akae karibu.

"Mgodini nilikuwa mtu wa sampuli," alisema. "Jiwe likiletwa linang'aa, vijana wanaruka, dhahabu, dhahabu! Mimi nililisaga, nikaliosha, nikalipima, ndipo nikasema. Kushuku si dhambi, Klara. Hata mimi nashuku. Ukishuku, uliza. Ukiulizwa, sema ulichokiona, ukomee hapo. Wewe uliongeza noti kidogo tu, noti za mdomoni."

"Ndiyo, Babu."

"Basi ujue noti hizo zingenunua nini. Zingenunua jeneza langu, na la Amosi pembeni yake."